Jinsi ya kuyajua mafuta yako, ya kwenye sufuria mpaka ya kwenye damu

Siku hizi ukimtajia mtu mafuta anaruka, ati kolestroli, ati moyo, halafu jioni unamkuta kwa viazi karai. Jamani mafuta si aina moja na mwilini hayafanyi kazi moja.

Anza na ya kwenye sufuria. Haya ni traigliseraidi, yaani gliseroli moja imeshikana na asidi za mafuta tatu. Gramu moja ina kalori 9 na wanga una 4 tu, ndo maana ukila kupita kiasi mwili unaweka akiba kwa mafuta. Kuyajua ni ya namna gani, angalia kama yanaganda. Mafuta ya nazi hapa Mombasa mwezi wa Januari ni maji tu, mpelekee shangazi Nairobi kesho yake yamekuwa meupe kama nta, kwa sababu yanaganda chini ya nyuzi 24 hivi, asidi zake zimenyooka kwa hivyo zinajipanga zinabanana. Ya kuganda ndo yanapandisha LDL, ile kolestroli mbaya. Ya alizeti na simsim asidi zake nyingi zimepinda, hayagandi ovyo.

Sasa usimwage tui. Mchicha wa nazi uko sawa kabisa maana vitamini A, D, E na K zinahitaji mafuta ndo ziingie mwilini, shida ni wali wa nazi, maharagwe ya nazi na samaki wa kupaka sahani moja kila siku. Badilisha, leo tui kesho jodari au dagaa upate omega-3, yale mafuta mazuri ya samaki.

Fosfolipidi, aina nyingine ya mafuta, sitakaa nazo, ndo utando unaozunguka kila seli, kwenye kiini cha yai zimo tele.

Kolestroli yenyewe mwili unaitengeneza, ini hasa, na bila hiyo hakuna nyongo, hakuna homoni za testosteroni wala estrojeni, hata vitamini D ya jua inaanzia huko. Ukienda kupima uliza kwanza kama unafaa kufunga, wengine wanataka ukae masaa 9 mpaka 12 kwa maji tu. Kwenye karatasi LDL iwe chini, HDL, ile kolestroli nzuri, iwe juu, na ikiwa traigliseraidi ndo imepanda usiilaumu nazi peke yake, angalia soda na ile sukari unayomimina kwa chai, ini linageuza sukari iliyozidi kuwa mafuta hayo hayo.