Somo: Jinsi ya kuzuia fukusi kutoboa sigaa ulizohifadhi

Wakuu, ukikuta sigaa (ile sigara nene ya majani ya tumbaku yaliyoviringishwa) ina kitundu cha duara kama kimetobolewa na pini, na chini yake kuna unga wa kahawia, huyo ni fukusi wa tumbaku. Ni kadudu kekundu-kahawia, milimita 2 au 3 tu, na kanaruka. Anayekula sio mkubwa, ni buu wake, huyo anatafuna kwa ndani mpaka anatengeneza njia ndefu halafu unakuja kuvuta unakuta hewa inapita pembeni na sigaa imeharibika.

Mayai mara nyingi yanakuja na tumbaku yenyewe, hayaonekani kwa macho, kwa hiyo usafi wako pekee hautoshi. Jike mmoja anaweza kutaga hadi mayai 100. Kinachoyaamsha ni joto.

1. Weka kipimajoto na kipima unyevu ndani ya sanduku unalohifadhia sigaa. Joto likae digrii 18 hadi 20, unyevu asilimia 65 hivi. Ikishapita digrii 23 na kuendelea uko hatarini, na kwenye 30 wanazaliana kwa raha zao. Sanduku lisikae juani, wala juu ya friji, pale kuna joto la mota.

2. Sigaa mpya zisichanganywe na za zamani moja kwa moja, zitenge kwanza kwenye boksi lake wiki kadhaa uziangalie.

3. Kama umeona kitundu, au huamini zilikotoka, gandisha. Hapa ndipo watu wengi wanaharibu kwa haraka. Toa kile kipakti cha kutunza unyevu kinachokaa na sigaa, funga sigaa kwenye mfuko wa zipu, kamua hewa yote, kisha mfuko wa pili juu yake. Anza na friji ya kawaida siku 1, halafu friza ya digrii -18 au chini ya hapo siku 3 kamili, friza ikiwa dhaifu acha wiki nzima maana baridi nusunusu inawalaza tu, haiwaui. Ukizitoa zirudi kwenye friji siku 1 nyingine, ndio uzilete nje, na mfuko USIFUNGUE mpaka zizoee joto la chumba, la sivyo unyevu wa hewa unagandia kwenye jani la nje linapasuka.

4. Wakati ziko friza, safisha sanduku. Toa trei zote, vuta vumbi kwenye kona na nyufa kwa mashine, futa na kitambaa chenye unyevu kidogo, acha likauke. Sabuni na dawa usiguse kabisa.

MASWALI YA WADAU

Swali: Mkuu nimeona kitundu kwenye moja tu, nyingine nazo nigandishe?
Jibu: Zote zilizokaa humo ndugu yangu. Hiyo moja ipigepige taratibu juu ya karatasi nyeupe, unga ukidondoka itupe, maana huko ndani ni mabuu na mavi yao.

Swali: Sanduku langu ni la mbao ya mwerezi, si inafukuza wadudu?
Jibu: Harufu yake nzuri na inatunza unyevu, lakini huyu fukusi haimsumbui, usiitegemee.

Swali: Vipi nikipuliza dawa ya mbu au niweke naftalini?
Jibu: Hapana jamani! Tumbaku inanyonya harufu yoyote, na hiyo sumu utakuja kuivuta wewe.

Swali: Zangu hazina tundu ila zina utando mweupe wenye manyoya
Jibu: Huo ni ukungu, unyevu umezidi. Zitenge na ushushe unyevu, kugandisha hakutaondoa.

Swali: Nina viungo vya chakula kabati hilohilo, kuna shida?
Jibu: Ipo tena kubwa. Huyu mdudu anakula pilipili kavu, nafaka na vyakula vingi vikavu, kwa hiyo kagua na huko, vihamishe mbali na sigaa.