Kukagua tuta la udongo la bwawa la zamani la starehe

Mwenye bwawa la kuogelea na kuvulia samaki hutazama maji, lakini tuta la udongo huonyesha ugonjwa wake upande mkavu. Fyeka nyasi zibaki sentimita 15 hivi, kisha tembea kutoka ukingo hadi ukingo mara tatu: juu ya tuta, katikati ya mteremko, na chini kabisa mguuni. Beba vijiti vya alama, futikamba, ndoo ya lita 10 na glasi safi.

Mguuni tafuta matope wakati wa kiangazi, au majani mabichi kuliko ya jirani. Kuvuja kidogo ni kawaida. Pima: ndoo ikijaa kwa sekunde 50, hiyo ni lita 12 kwa dakika. Andika pamoja na kimo cha maji bwawani, maana namba moja bila nyingine haisemi kitu. Kisha kinga glasi uiache itulie. Udongo ukituama chini, tuta linaliwa kutoka ndani.

Hapo wengi hukimbilia kuziba tundu kwa mfinyanzi au saruji. Usifanye hivyo, maji yaliyozuiwa yatatafuta pa kutokea. Funika kwa mchanga safi, juu yake kokoto, halafu mawe, ili maji yapite na udongo ubaki. Mwite mhandisi wa mabwawa siku hiyohiyo. Na yakitoka kwa nguvu yakiwa rangi ya chai, waondoe kwanza watu walio bondeni.

Kama hakuna dharura, maji ya bwawa yashushwe taratibu, sentimita 30 kwa siku zisizidi. Ukiyashusha haraka, mteremko wa ndani hubaki umelowa bila maji ya kuuegemeza, ukaporomoka.

Bomba la kutolea maji likague mdomoni. Maji yanayochuruzika nje ya bomba, kando yake, ni mabaya kuliko yanayopita ndani: yanafuata bomba na kubeba udongo. Mabomba ya bati la zamani huoza kwa kutu, na kutu hiyo huwezi kuiona kutoka nje.

Miche ing'oe ikiwa michanga. Mti mkubwa usiukate ukaacha kisiki, kwani mizizi ikioza huacha vijia vya maji; kung'oa kisiki ni kazi ya mhandisi, tena maji yakiwa yameshushwa. Mashimo ya fuko na panya jaza udongo na kuushindilia kwa tabaka za sentimita 15.

Juu ya tuta vuta uzi uone palipobonyea: njia ya waogeleaji au magari huchimba bonde, na mafuriko yatamwagikia hapo. Lisawazishe. Utoro, yaani njia ya maji ya ziada, ndio huharibiwa kwa makusudi. Watu huweka wavu samaki wasitoroke, au mbao za kuinua maji ili mashua zielee vizuri. Mvua kubwa ikija, matawi huziba wavu, maji yanapanda juu ya tuta na kulikata. Ondoa vyote viwili kabla ya masika, na chaneli yote ya utoro isiwe na kichaka, boti wala meza za mapumziko.