Kufufua ubunifu katika kikundi kidogo cha maigizo

Kikundi kikishafanya kazi pamoja kwa miaka kadhaa, hufika mahali kila mtu anajua mwenzake atafanya nini kabla hajafanya. Yule yule ndiye baba mkali, yule yule ndiye mchekeshaji, na mwongozaji anatamka mstari ili mwigizaji auige. Hapo wengi hukimbilia mswada mpya au sura mpya. Mara nyingi tatizo haliko huko. Mazoezi yote yamekuwa ya kuandaa onyesho lijalo, na haijabaki saa hata moja ya kujaribu jambo linaloweza kushindikana.

Tengeni wiki nne, vikao viwili kwa wiki, saa mbili kila kikao, bila mswada na bila onyesho la kulipiwa mbele yenu. Wiki moja haitoshi: katika vikao vya mwanzo kila mtu hutoa mbinu zake za zamani, na ni zikishaisha ndipo kipya huanza kujitokeza. Msilipachike zoezi hili katikati ya maandalizi ya onyesho, maana mistari ambayo haijakaririwa itameza muda wote. Mambo ya fedha, ratiba na nani kachelewa yapangiwe siku yake.

Kikao kigawanywe hivi: dakika 15 za kuamsha mwili na sauti, 20 za uigizaji wa papo kwa papo, 50 za kutunga na kuonyeshana, 25 za maoni, 10 za kuandika. Kila kikao kiwe na kiongozi tofauti. Mwongozaji wenu aingie kucheza kama wengine. Akikaa pembeni na daftari, waigizaji wataanza kumwigizia yeye.

Kwa papo kwa papo, anzeni na benchi. Mmoja ameketi. Wa pili analitaka benchi hilo liwe lake peke yake, ila haruhusiwi kusema wala kumgusa mwenzake. Wapeni dakika mbili. Mara ya kwanza atakohoa, atajinyoosha, atafanya vituko hadi wenzake wacheke. Kicheko hicho ndicho mtego, kwa sababu mwigizaji anaacha kumtazama mwenzake na kuanza kuwatafuta watazamaji. Rudieni, safari hii kila mmoja ahesabu moyoni hadi tano kabla ya kujibu tendo la mwenzake. Sasa kusogea shubiri moja tu ni tukio zima. Aliyeketi anauvuta mkoba wake mapajani, na sote tunajua ameogopa, ingawa hakuna aliyesema neno. Kisha badilishaneni nafasi, na mchekeshaji wenu apewe ile isiyo na kichekesho.

Kutunga ndiko kwenye uzito. Katika shule ya maigizo aliyoifungua Jacques Lecoq, mwalimu wa uigizaji wa Ufaransa, jijini Paris mwaka 1956, wanafunzi hutunga vipande vyao wenyewe kwa makundi, bila mwalimu kuwasimamia, kisha huvionyesha mbele ya wote. Kikundi kidogo kinaweza kuuazima utaratibu huo bila gharama yoyote. Gawanyikeni watatu watatu, na msiwaweke pamoja waliozoeana. Kila kundi lipate dakika 20 kutunga kipande cha dakika 3, likiwa na kifaa kimoja, tuseme ndoo au kamba, na sentensi moja tu inayoruhusiwa kutamkwa. Mkiambiana “tungeni chochote,” mtapata yale yale ya mwaka jana. Masharti yakibana, akili hulazimika kupita njia nyingine.

Kosa linalojirudia ni kukaa chini na kujadili hadi zimebaki dakika mbili. Wekeni kanuni: ikifika dakika ya tatu, wote wamesimama, na mwenye wazo analionyesha kwa mwili badala ya kulieleza. Mkivutana kati ya mawazo mawili, jaribuni yote mawili. Mjadala hautawaambia lipi linasimama jukwaani.

Maoni yanaweza kuua kazi yote hii kwa sentensi moja. Liz Lerman, mtunzi wa dansi wa Marekani, aliunda utaratibu wa hatua nne unaofaa sana hapa: watazamaji kwanza wanasema kilichowagusa, watunzi wanauliza maswali yao, watazamaji wanauliza maswali yasiyobeba hukumu ndani yake, mwishoni kabisa rai inatolewa, nayo kwa idhini ya watunzi. “Kwa nini mmeirefusha hivyo?” ni hukumu iliyovaa swali. “Ule ukimya mliutaka ufanye kazi gani?” ni swali.

Watu tisa kwa vikao vinane watatoa vipande 24. Kila kimoja kiandikiwe kadi: nani anataka nini, kwa nani, na nini kinamzuia. Vingi vitaachwa, na ni sawa. Chagueni vinne au vitano ambavyo bado mnavikumbuka bila kutazama kadi.

Msivigeuze kuwa mswada siku hiyo hiyo. Kikundi cha Joint Stock, kilichoanzishwa Uingereza mwaka 1974, kilijulikana kwa kutenganisha hatua hizi: warsha ya waigizaji na mwandishi, kisha mwandishi kwenda kuandika peke yake, kisha mazoezi. Pengo hilo lina faida, kwani mwandishi huacha kulinda kila kitu kilichochekesha chumbani. Kabla hajaanza kuandika, wekeni kwenye karatasi na kutia saini nani atatajwa kuwa mtunzi na mapato yatagawanywaje. Mkisubiri hadi igizo lipendwe, mtagombana.

Rasimu ya kwanza isomeni mbele ya watu kumi au kumi na wawili wasio ndugu wala marafiki wa kikundi. Mmoja wenu akae pembeni na saa, awatazame wao badala ya jukwaa, na aandike dakika waliyoanza kujigeuza vitini. Kipande cha kukata kwa kawaida kinaanza kabla kidogo ya hapo.