Somo: Kuchagua kioo cha kalkojenidi kwa lenzi ya kamera ya joto

Ukipata kamera ya joto ya kuazima, mwambie mwenzako asimame nyuma ya dirisha lililofungwa. Macho yako yanamwona, kamera haimwoni. Badala yake utaona taswira yako wewe ikiakisiwa kwenye kioo. Kioo cha dirisha kimejaa silika (silikoni iliyoshikana na oksijeni), na silika humeza infraredi, yaani mionzi ya joto isiyoonekana kwa macho, kuanzia urefu wa wimbi wa kama mikrometa 4 kwenda juu (mikrometa ni sehemu ya elfu ya milimita). Ngozi ya binadamu hutoa mionzi mingi zaidi karibu na mikrometa 9.5. Basi lenzi ya kamera hiyo inahitaji kioo kisicho na oksijeni. Mahali pake huwekwa salfa (ndiyo, hiyohiyo ya kupulizia mikorosho), seleni au teluri, ikichanganywa na arseniki, gerimani au antimoni. Kioo cha namna hiyo ndicho kiitwacho kalkojenidi.

Hatua ya 1: Jua mawimbi unayoyataka
Atomu nzito zilizoshikana kwa vifungo dhaifu hutikisika polepole, kama uzi mnene wa gitaa, hivyo humeza mawimbi marefu sana tu. As2S3, yaani kioo cha arseniki na salfa, hupitisha hadi mikrometa 11 hivi. Kwa macho ina rangi nyekundu ya machungwa. Vioo vingi vya seleni ni vyeusi kama mkaa, lakini hufika 14 au zaidi. Kamera nyingi za joto hutumia 8 hadi 14, kwa hiyo tafuta seleni.

Hatua ya 2: Hesabu mwanga unaorudi
Kipimo cha mpindiko (jinsi kioo kinavyopinda mwanga; kikiwa kikubwa, mwanga mwingi zaidi huakisiwa) cha Ge33As12Se55, kioo cha gerimani, arseniki na seleni, ni kama 2.5, cha dirisha ni 1.5. Bila utando wa kuzuia uakisi, kioo hicho hupitisha takriban asilimia 69 tu. Gerimani tupu, ambayo nayo hutengenezewa lenzi hizi, ina kipimo cha 4 na hupitisha 47. Kwa hiyo usidanganyike na bei rahisi ya lenzi isiyo na utando.

Hatua ya 3: Angalia joto linavyoibadilisha
Wengi huiruka hatua hii, halafu wanalalamika picha imefifia mchana. Kipimo cha mpindiko cha gerimani hupanda kwa takriban sehemu 400 kwa milioni kila nyuzi moja ya Selsiasi. Jua likiwaka, fokasi inahama. Gerimani ikikaribia nyuzi 100, elektroni zake huru huwa nyingi kiasi cha kuziba njia ya mionzi. Ge33As12Se55 hubadilika kwa sehemu 60 hadi 70 tu. As40Se60, kioo cha arseniki na seleni, hubadilika kidogo hata kuliko hapo, na hutanuka kwa kiwango kinachokaribiana na alumini, kwa hiyo haigombani sana na fremu yake. Kwa kifaa kitakachoanikwa juani, mimi ningeanzia hapa kabla ya kuuliza bei.

Hatua ya 4: Kubali udhaifu wake
Vifungo dhaifu vilivyotupa uwazi vinatupa pia ulaini. As40Se60 huanza kulegea kwenye nyuzi 185 hivi. Ndiyo maana lenzi zake hufinyangwa kwa kalibu, wakati gerimani huchongwa kwa almasi. Lakini hukwaruzika upesi, na hupasuka ikipashwa moto ghafla.

Maswali ya wanachama

Mkuu, karatasi ya muuzaji inasema Ge33As12Se55 hulegea kwenye nyuzi 368. Naweza kuifikisha huko?
Hapana ndugu. Hapo umbo limeshaanza kwenda, na utando huenda ukaharibika mapema zaidi.

Nina tanuri karakanani. Naweza kuyeyusha mwenyewe?
Usithubutu. Mvuke wa arseniki na seleni ni sumu. Viwandani huyeyushwa ndani ya mrija wa silika uliotolewa hewa na kuzibwa, kwenye tanuri linalotikiswa ili mchanganyiko ulingane. Tena oksijeni kidogo tu ikiingia, inaacha doa la kumeza mionzi karibu na mikrometa 12.8, ndani kabisa ya eneo la kamera yako.

Lenzi yangu ina mkwaruzo. Nisugue kwa dawa ya meno kama skrini ya simu?
Utaondoa utando na kutengeneza vumbi lenye arseniki. Puliza vumbi kwa pampu ya mpira, kisha pitisha pamba laini yenye alkoholi bila kukandamiza. Mkwaruzo uache hapo ulipo. Mmoja mdogo hutauona hata kwenye picha.