Namna ya Kuongoza Somo la Ayubu 28 Bila Kuwaruka Wachimba Madini

Sura ya 28 ya kitabu cha Ayubu ina aya 28, lakini katika vikundi vingi vya mafunzo ya Biblia hapa Nairobi aya inayosomwa kwa makini ni moja tu, ile ya mwisho. Kiongozi huyapita mashimo, tanuru na vito kwa dakika chache, akaifikia kauli kwamba kumcha Bwana ndiyo hekima, na tangu hapo mazungumzo hugeuka kuwa mashauri ya tabia njema ambayo yangeweza kutolewa bila kuifungua sura hiyo kabisa. Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya kiongozi wa kikundi cha nyumbani, wa jumuiya ndogondogo au wa ushirika wa vijana, anayetaka kuisoma sura hii kwa mpangilio wa mshairi mwenyewe, yaani kuanzia chini ya ardhi. Mshairi anamheshimu mchimba madini, na swali lake la aya ya 12, kwamba hekima itapatikana wapi, halina uzito wowote kwa msomaji ambaye hajastaajabia kwanza mambo ambayo binadamu amefaulu kuyapata.

Tenga saa moja na nusu, na usiunganishe somo hili na sura nyingine ndefu. Uwe na tafsiri mbili za Kiswahili, kwa mfano ile ya Union ya mwaka 1952 pamoja na Habari Njema, kwa kuwa aya ya 4 na ya 5 ni ngumu katika Kiebrania na watafsiri wamezielewa kwa namna tofauti. Washiriki watakapoona tofauti hizo, waambie sababu yake kwa sentensi moja na muendelee.

Anza na Methali 2 wakati wengine wako njiani

Kikundi cha jioni mjini hakifiki kwa pamoja. Aliyetoka kazini mapema hukaa akimsubiri aliyekwama kwenye foleni ya Thika Road, na kiongozi asiyejipanga hupoteza nusu saa kwa salamu. Itumie nafasi hiyo kusoma Methali 2:1-6, kwa maana kifungu hicho ni kifupi, na ni lazima kiwe masikioni mwa watu kabla ya kumfikia Ayubu.

Waombe watafute sharti linalorudiwa. Baba anamwambia mwanawe kwamba kama atayapokea maneno yake, kama ataulilia ufahamu, na kama ataitafuta hekima kama anayetafuta fedha na hazina iliyofichika, ndipo atakapofahamu kumcha Bwana. Hadi hapo kila kitu kinategemea bidii ya kijana. Kisha aya ya 6 inasema kwamba Bwana ndiye anayetoa hekima. Uliza swali moja tu: ikiwa hekima inachimbwa, kwa nini inasemekana kwamba inatolewa? Usikubali jibu la haraka. Andika swali hilo mahali ambapo wote wataliona, nanyi mtalirudia.

Aya ya 1 hadi ya 11: wape nafasi wanaoijua kazi

Hapa ndipo muda mwingi unapostahili kutumika. Nairobi ina watu wa kila kaunti, na si ajabu kikundi chako kikawa na mtu aliyekulia karibu na mashimo ya dhahabu ya Kakamega au Migori, au anayetoka Taita Taveta, ambako vito vya rangi ya kijani vilivyopewa jina la Tsavo huchimbwa. Mwombe azungumze kabla ya kusoma, na umuulize maswali mahususi: mtu hushukaje shimoni, nani hushika kamba, mwanga hutoka wapi, maji yakijaa hutolewaje, na dhahabu hutenganishwaje na jiwe. Baada ya maelezo yake ndipo msome aya 11 za kwanza kwa sauti na polepole. Washiriki watayatambua mambo hayo mmoja baada ya mwingine: giza linalokomeshwa katika aya ya 3, watu wanaoning'inia mbali na makao ya wanadamu katika aya ya 4, maji yanayozuiwa yasichuruzike katika aya ya 11. Uwe na busara pia, kwa sababu machimbo huporomoka na huua, na huenda aliyekaa kimya pembeni alimpoteza ndugu yake humo. Ikiwa hakuna mwenye uzoefu huo, anza na jiwe la kujengea, ambalo kila mkazi wa jiji hili ameliona likishushwa kutoka kwenye lori, na uulize ni nani kati yao amewahi kusimama ndani ya timbo lilikokatwa.

Maelezo machache ya historia yatawasaidia, mradi yasigeuke kuwa mhadhara. Kumbukumbu la Torati 8:9 inaisifu nchi ya ahadi kuwa nchi ambayo mawe yake ni chuma na ambayo katika vilima vyake mtu huchimba shaba. Shaba hiyo ilichimbwa kweli katika eneo la Araba, huko Timna, kaskazini mwa mji wa Eilat, na huko Faynan katika Jordan ya leo, ambako mashimo ya kale na marundo ya masalio ya kuyeyushia madini yanaonekana hadi sasa. Huko Timna kuna kilima ambacho watafiti wa zamani walikiita Kilima cha Watumwa, wakidhani kwamba kazi ngumu namna ile isingeweza kufanywa na watu huru. Uchunguzi wa mifupa ya wanyama uliochapishwa mwaka 2014 ulionyesha kwamba waliokuwa wakiyeyusha shaba pale, kama miaka 3,000 iliyopita, walikula nyama nzuri na hata samaki walioletwa kutoka bahari ya Mediterania, jambo linaloashiria kwamba walithaminiwa kama mafundi. Napenda kulitaja jambo hilo kwa sababu linapatana na sauti ya shairi letu: katika aya hizi 11 hakuna neno hata moja la kumdharau mchimbaji wala kumshtaki kwa tamaa.

Dhahabu na fedha, tofauti na shaba, zilitoka mbali. Kitabu cha kwanza cha Wafalme 9:28 kinasimulia merikebu zilizoleta talanta 420 za dhahabu kutoka Ofiri. Fedha ilipatikana kwa kuyeyusha mawe yenye madini ya risasi na kisha kuipuliza hewa ile risasi iliyoyeyuka hadi igeuke na kuondoka pamoja na uchafu, na kinachobaki chini ni fedha. Ukiielewa kazi hiyo, utaona kwa nini Ayubu 28:1 inataja mahali pa kuchimba na mahali pa kusafishia katika pumzi moja, na kwa nini Yeremia 6:29-30, inayozungumzia mivukuto inayovuma na risasi inayoteketea bila mafanikio, ilikuwa habari ya kutisha kwa aliyeijua karakana. Methali 17:3 na Zaburi 12:6 zinatoka katika karakana hiyohiyo, lakini ziache kwa siku nyingine, kwa kuwa zinahusu kujaribiwa kwa mioyo na usafi wa maneno, wala hazihusu kutafuta.

Jambo ambalo kiongozi hapaswi kuliacha lipite ni macho. Waombe washiriki wapige mstari chini ya kila mahali panapotajwa kuona au kutoona. Jicho la tai halijaiona njia ya mchimbaji, na simba hajaipita (aya ya 7 na ya 8). Jicho la binadamu limeona kila kitu cha thamani, naye amekitoa nuruni kilichokuwa kimesitirika (aya ya 10 na ya 11). Baadaye, katika aya ya 21, hekima imefichwa machoni pa wote walio hai na imesitirika hata kwa ndege wa angani. Katika aya ya 22 Uharibifu na Mauti hawana la kusema isipokuwa kwamba wamesikia habari zake kwa masikio. Kisha aya ya 24 na ya 27 zinamleta Mungu ambaye anaona hadi miisho ya dunia na aliyeiona hekima yenyewe. Kalamu moja na dakika kumi zinatosha kuwaonyesha kwamba shairi hili limefumwa, na kwamba aya ya 28 haikubandikwa mwishoni kama pambo.

Aya ya 12 hadi ya 22: kutoka machimboni hadi sokoni

Soma aya ya 12 na ya 20 mfululizo, kwa kuwa ni swali lilelile likiulizwa mara mbili. Waulize washiriki ni nini kimebadilika kati ya maswali hayo. Wenye macho makali wataona kwamba baada ya vilindi na bahari kukana kuwa na hekima katika aya ya 14, shairi linaacha kuuliza mahali na linaanza kuuliza bei. Dhahabu inatajwa mara tano kati ya aya ya 15 na ya 19, ikifuatana na fedha, yakuti, kioo, marijani, lulu na kito cha manjano cha Kushi, na kila mara jibu ni kwamba hailingani. Vitu vyote ambavyo mchimbaji alisifiwa kwa kuvipata vimewekwa mezani, wala havinunui chochote.

Mahali hapa kikundi cha Nairobi hakihitaji kusukumwa. Kila mtu amesikia mahubiri yanayomtaka apande mbegu ya fedha ili apokee neno la mwongozo juu ya maisha yake, na wengine wamelipa. Waruhusu waseme, lakini uyalinde mazungumzo yasigeuke kuwa orodha ya majina ya wahubiri. Shairi lina la kusema hata kwa mtu mwaminifu anayeamini kwamba ada ya shule ghali zaidi itamnunulia mtoto wake busara. Methali 3:14-15 na 8:10-11 zinasema pia kwamba hekima ina thamani kuliko fedha na dhahabu, na mtu anaweza kuzitaja. Mshukuru, kisha uonyeshe kwamba Methali inamshauri mtu aichague hekima badala ya fedha, ilhali Ayubu anasema kwamba bei haipo.

Aya ya 23 hadi ya 28, na sababu ya kurudi sura ya kwanza

Someni aya ya 23 hadi ya 27 kabla ya kuigusa ya mwisho. Mungu hachimbi wala hanunui. Anaijua njia, na aliiona hekima alipokuwa akiupa upepo uzani, akiyapima maji, akiiwekea mvua amri na radi njia yake. Mtu akipenda kulinganisha, Methali 8:22-31 inaiweka hekima kando ya Mungu wakati uleule wa uumbaji. Dakika mbili zinatosha.

Ifikieni sasa aya ya 28, na mara tu itakaposomwa waambie wafungue Ayubu 1:1, kisha 1:8 na 2:3. Huyo ni mtu aliyemcha Mungu na kuepukana na uovu. Maneno ambayo aya ya 28 inayatoa kama hekima kwa binadamu ndiyo yaliyomtambulisha Ayubu kabla hajapoteza watoto wake na mali yake. Kwa hiyo aya hiyo haiwezi kusomwa kama maelezo ya kwa nini anateseka, wala kama dawa ambayo alisahau kuinywa. Nyamaza hapa na uwaache wabishane. Mtu akiuliza kama msemaji ni Ayubu mwenyewe, mwambie kwamba sura ya 27 na ya 29 zinaanza kwa kumtaja kuwa ndiye anayesema lakini ya 28 haina utangulizi huo, na kwamba wapo wanaoisoma kama maneno yake na wapo wanaoisikia humo sauti ya mshairi.

Baada ya hapo rudini kwenye swali mliloliandika. Katika Methali 2 kijana anachimba na mwisho wa kuchimba anakutana na kumcha Bwana, lakini katika Ayubu 28 wamechimba hata mizizi ya milima bila kukutana na hekima, na kumcha Bwana kunakuja kama neno lililosemwa. Sishauri kuzipatanisha upesi. Methali inamnena kijana ambaye bado hajaanza kazi, na kumwambia kwamba hekima itatolewa tu kungemfanya aketi. Ayubu 28 imewekwa baada ya majadiliano ya Ayubu na rafiki zake yaliyoanza sura ya 4, ambamo watu wazima wamechimbua kila hoja waliyokuwa nayo, na kuwaambia waongeze bidii kungekuwa dhihaka.

Ikiwa kikundi chenu kina Wakatoliki, watajie Baruku 3:9 hadi 4:4, kitabu kilichomo katika Biblia yao, kama usomaji wa nyumbani, kwani mwandishi wake anauliza tena ni nani aliyepata mahali pa hekima, naye anajibu kwa kuitaja sheria ya Mungu. Kwa kipindi kinachofuata wasome sura ya 29 hadi ya 31, halafu waruke hadi 38:4-18, wakiwa na orodha ya mahali palipoulizwa habari za hekima katika sura ya 28: vilindi, bahari na mauti. Watapakuta palepale, ila sasa ni Mungu anayeuliza, na anayeulizwa kama amewahi kufika huko ni Ayubu.