Wabadilishane maneno ya wahusika
Katika kikundi chetu cha vijana hapa Ngamiani, Tanga, nimejifunza kusimamisha tamthilia tunayoitazama mara tu mume na mke wanapomaliza kubishana juu ya fedha au kazi za nyumbani, kisha kumpa mvulana maneno ya mke na msichana maneno ya mume, wayatamke kama yalivyo. Amri iliyopita kama jambo la kawaida kinywani mwa baba hushtua ikitamkwa na binti, na vijana wenyewe huanza kuuliza ni nani aliyempa mmoja haki ya kuamua peke yake. Mvulana akiigiza sauti ya kike, kicheko huyameza maneno. Vipande vya kipigo msivitumie kabisa, kwani huenda yumo anayeyaona hayo nyumbani kwao.