SOMO: H2, H4 na L4 kwenye Land Cruiser mkonga, lini uweke na vipi uweke

Wakuu, mkonga ukilala kwenye tope huku tairi za nyuma zinarusha matope na za mbele zimetulia kama zimeegeshwa, mara nyingi gari haina ubaya wowote. Dereva kaweka H4 (tairi zote nne zisukume) ndani, kasahau habu nje, yaani vile vifungo vya katikati ya tairi za mbele vinavyoziunganisha na shafti zake. Kosa la pili linaloua gari nyingi ni kinyume chake: fowili (four-wheel, yaani H4 au L4) imeachwa ndani huku gari iko kwenye lami kavu. Somo hili lipo kwa ajili ya makosa hayo mawili na yale yaliyo katikati.

Tunazungumzia Land Cruiser 70 (HZJ76, 78 na 79): gia za mkono, injini ya 1HZ, liva ndogo ya transfa (boksi la gia linalogawa nguvu mbele na nyuma) pembeni ya liva ya gia, na habu za kuzungusha kwa mkono kwenye tairi za mbele. Hilux za zamani na Patrol za liva zinafuata utaratibu uleule. Prado, Defender na RAV4 zina tabia zake, zipo kwenye maswali chini.

KINACHOTOKEA CHINI YA SAKAFU

H2: nguvu yote inakwenda ekseli ya nyuma.

H4: transfa inafunga propshafti (shafti ndefu inayopeleka nguvu kwenye ekseli) ya mbele na ya nyuma zizunguke pamoja kama chuma kimoja. Mwendo wa gia haubadiliki hata kidogo. Ulichoongeza ni kushika ardhi, basi.

L4: ni H4 pamoja na upunguzaji wa mwendo wa takriban mara 2.5. Kwa tairi za 7.50R16, gia ya kwanza, injini ikizunguka mara 1,000 kwa dakika, H4 inakupa kama kilomita 8 kwa saa. L4 inakupa 3 na kidogo, yaani mwendo wa mtu anayetembea taratibu.

Hapa ndipo wengi wanapojichanganya. L4 siyo "H4 yenye nguvu zaidi" unayoikimbilia ukishazama. Kama tairi tayari zinateleza kwenye H4, kuziongezea nguvu kutazifanya zichimbe shimo vizuri zaidi. L4 ni ya kwenda polepole bila kuunguza klachi na bila kukanyaga breki: mawe, mlima mkali, mteremko, kuvuta gari nyingine, kupanda ukingo wa korongo.

KWA NINI LAMI KAVU NI MARUFUKU

Mkonga hauna senta difu, ile difu ya katikati inayoruhusu ekseli ya mbele na ya nyuma zizunguke kwa mwendo tofauti. Ukikata kona, tairi za mbele zinapita njia ndefu kuliko za nyuma. Kwa 79 ya kabini moja, ambayo kutoka ekseli ya mbele hadi ya nyuma ni mita 3.18, robo duara moja ya kona iliyobana inazifanya za mbele zisafiri kama mita moja zaidi. Kwenye vumbi au tope tairi zinateleza kidogo na tofauti inaisha. Kwenye lami hazitelezi, kwa hiyo msokoto unajikusanya ndani ya propshafti, krosi (viungo vyake) na gia za transfa. Utausikia: usukani unakuwa mzito, gari inasita kama imeshikwa breki, ukirudi H2 liva inagoma.

Tairi zisizolingana zinaleta shida hiyohiyo hata ukienda moja kwa moja. Ukifunga mpya mbele na nyuma ukaacha zilizolika milimita 8, kipenyo kimetofautiana milimita 16 kwenye kama 800, yaani asilimia 2. Kila kilomita kuna mita 20 zinazotafuta pa kwenda. Ukiwa na tairi mpya mbili tu, kuchanganya moja iliyolika na moja mpya kila ekseli haifai pia, maana difu (gia za katikati ya ekseli zinazoruhusu tairi zake mbili zizunguke kwa mwendo tofauti) itafanya kazi bila kupumzika. Nunua nne, au subiri.

KUWEKA H4

1. Simama kabla ya tope, pakiwa bado pakavu. Kuzungusha habu ukiwa umezama hadi ekseli ni kazi ya kuchimbua kwa vidole.

2. Shuka, zungusha habu zote mbili hadi alama ya LOCK ikae sawasawa kwenye mshale. Isiishie katikati. Ikigoma, usiipige nyundo. Sogeza gari nusu mita mbele au nyuma, meno yatapata nafasi. Habu moja ikibaki FREE ni kama hujafunga hata moja: difu ya mbele itapeleka mzunguko wote upande ulio wazi, hafshafti (shafti ya kutoka difu hadi tairi) itazunguka bure na tairi zote mbili za mbele zitakuangalia tu.

3. Rudi ndani, kanyaga klachi, vuta liva ya transfa kutoka H2 hadi H4. Taa ya fowili kwenye dashibodi iwake. Taa inakuambia habari za transfa, habu haizijui.

4. Kama habu ziko LOCK tangu asubuhi, unaweza kuhamisha H2 kwenda H4 gari ikitembea. Nyoosha usukani, toa mguu kwenye mafuta, vuta. Usizidi kilomita 80 kwa saa, na 40 ni salama zaidi. Usihamishe kamwe wakati tairi za nyuma zinazunguka bure. Propshafti moja imesimama, nyingine iko kasi, hapo ndipo meno yanapokatika.

KUWEKA L4

1. Hakikisha habu ziko LOCK. L4 na habu FREE maana yake nguvu iliyozidishwa mara 2.5 inamalizikia ekseli ya nyuma peke yake. Hafshafti zinakatika hivyo.

2. Simamisha gari kabisa. Gia weka nyutro, klachi chini hadi mwisho, subiri kama sekunde tatu gia za ndani zitulie.

3. Pitisha liva kutoka H4, kupitia N, hadi L4, kwa mkupuo mmoja. Usiiache kwenye N: transfa ikiwa N, hata ukiweka gia ya kwanza gari haijashikwa na injini. Kwenye mteremko itaondoka, kama hujavuta handibreki.

4. Anza na gia ya pili kwenye tope na mchanga, ya kwanza kwenye mawe na mlima. Usizidi kilomita 40 kwa saa. Ukiona injini inalia na bado unatamani mwendo, rudi H4, na kurudi pia ni kwa kusimama.

KILA ARDHI NA DAWA YAKE

Mchanga wa korongo, kama ule wa Mwagusi kule Ruaha: kwanza upepo. Shusha hadi PSI 18 au 20, tairi ijitandaze. Hatua hii inasaidia kuliko liva yoyote. Kisha H4 gia ya pili au ya tatu, mwendo wa kutosha tangu ukingoni, bila kubadilisha gia katikati, maana sekunde moja ya klachi kwenye mchanga inatosha kukusimamisha. 1HZ haina tabo (turbo), kwa hiyo mchanga ukiwa mzito na gari ina mzigo, L4 gia ya tatu inaiacha injini ipumue. Gia ya kwanza ya L4 ni ya kuchimbia kaburi la gari. Ukitaka kusimama, toa mguu kwenye mafuta gari ijifie yenyewe. Breki inajenga vilima mbele ya tairi. Ukitoka, jaza upepo kabla ya kukimbia, la sivyo ubavu wa tairi unachemka na kupasuka.

Udongo mweusi wa mbuga, ule wa Ndutu na Maasai Mara wakati wa masika: adui ni udongo kujaa kwenye meno ya tairi hadi tairi iwe laini kama chapati. H4 gia ya pili au ya tatu, mwendo usiokatika, usukani uchezeshwe kidogo kulia na kushoto ili kingo za tairi zipate pa kung'ata. Gari ikisimama na tairi zinazunguka, acha mara moja. Kila mzunguko wa ziada unakushusha, na difu ikishakalia udongo, fowili haina kazi tena, chukua sepetu.

Mteremko, mfano kushuka Seneto kuingia kreta ya Ngorongoro, takriban mita 600 kutoka ukingoni hadi chini: L4 gia ya pili, pakiteleza sana ya kwanza. Weka juu kabla hujaanza kushuka. Mguu wa kushoto ukae mbali na klachi; ukiikanyaga, injini imeachia na uzito wote umehamia kwenye breki. Breki gusa kidogo tu pale injini inapozidiwa.

Mlima uliokushinda: injini ikizima katikati, kanyaga breki ya mguu, vuta handibreki, ndipo ukanyage klachi na kuweka rivasi, ukiwa bado L4. Achia klachi taratibu, washa, achia breki kidogo kidogo, shuka nyuma ukiwa umenyooka kabisa. Usijaribu kugeuza gari katikati ya mlima. Mkonga ni mrefu na unabiringika.

KUTOKA

Ukigusa ardhi ngumu, rudi H2 kwanza, kisha shuka ufungue habu. Zile habu zenye alama ya AUTO badala ya FREE huachia vizuri ukirudi rivasi mita mbili tatu, umenyooka.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali: Mkuu, masika tunaingia na kutoka lami mara kumi kwa siku. Naweza kuacha habu LOCK wiki nzima?
Jibu: Acha. Habu zikiwa LOCK na transfa iko H2, propshafti ya mbele inazungushwa na tairi tu, hakuna msokoto. Utakula mafuta kidogo zaidi na utasikia mngurumo kidogo. Kinachoharibu ni H4 kwenye lami.

Swali: Nimetoka tope nikaingia lami, sasa liva imegoma kutoka H4. Fundi anasema afungue transfa.
Jibu: Asifungue bado, kaka. Huo ni msokoto tu. Weka rivasi, usukani umenyooka, rudi mita tano hadi kumi, huku umeishika liva kwa nguvu ndogo kuelekea H2. Itateleza yenyewe. Ikikataa, pitisha tairi za upande mmoja kwenye vumbi la pembeni ya barabara kisha jaribu tena. Ikigoma hata kwenye vumbi, hapo mwite fundi.

Swali: L4 yangu inaingia kwa kelele ya kusaga.
Jibu: Unaharakisha, au klachi haiachii vizuri. Gari ikiwa imesimama, weka rivasi: nayo ikisaga, tatizo ni klachi, siyo transfa. Angalia mafuta ya klachi na silinda zake mbili. Kama rivasi inaingia vizuri, jaribu L4 gari ikijongea kwa shida, kilomita 2 au 3 kwa saa. Wakati mwingine meno yamekutana ncha kwa ncha.

Swali: RAV4 yangu ina kitufe cha LOCK. Ndiyo L4?
Jibu: Hapana, dada. Gari hiyo haina gia nzito (L) kabisa. Kitufe hicho kinafunga mbele na nyuma zigawane nguvu kwenye mwendo mdogo, na gari ikipita kilomita 40 kwa saa kinajiachia. Kinafaa kwa tope jepesi na mchanga wa ufukweni. Ukipanda mlima wa mawe kwa RAV4, unaipika gia boksi.

Swali: Defender na Prado za fowili muda wote je?
Jibu: Hizo zina senta difu, ndiyo maana zinakwenda lami bila kusokotwa. Ila ubaya wake ni huu: tairi moja ikining'inia hewani, nguvu yote inakimbilia hapo. Kabla ya tope funga senta difu. Kwenye Defender za zamani liva ndogo ileile ndiyo inayofunga, kwa kuisukuma kushoto. Liva ikienda mbele ni gia nzito, ikirudi nyuma ni nyepesi. Senta difu ikishafungwa, gari imekuwa sawa na mkonga ulioko H4, na lami ni marufuku vilevile.

Swali: Difuloku (vifungo vya difu, tairi mbili za ekseli zizunguke pamoja) zile za RR (nyuma) na FR (mbele) nitumie lini?
Jibu: Pale tairi moja ya nyuma na moja ya mbele, za pembe zilizopishana, zimekosa mzigo, kwenye mashimo ya kupishana. Weka ukiwa umesimama, tairi hazizunguki. Anza na ya nyuma, RR. Ya mbele ongeza tu ikishindikana, maana usukani utakuwa mgumu kama umeunganishwa na welding. Usizidi kilomita 8 kwa saa, na ukitoka tu shimoni zima.

Swali: Gari yangu haitoki mjini. Kuna ubaya kutogusa fowili mwaka mzima?
Jibu: Upo. Mafuta ya difu ya mbele yanatuama, oili sili zinakauka, habu zinashika kutu. Toyota wanataka angalau kilomita 16 kwa mwezi ukiwa fowili. Tafuta barabara ya vumbi, habu LOCK, H4, nenda. Na kila ukivuka maji yaliyofunika ekseli, fungua boliti ya kujazia oili ya difu zote mbili na ya transfa, chovya kidole. Oili ikiwa na rangi ya chai ya maziwa, maji yameingia: mwaga siku hiyohiyo, weka mpya, kisha kagua bomba la kupumulia la ekseli. Likiziba, ekseli yenye moto ikiingia kwenye maji baridi inavuta maji kupitia sili.